Ilikuwa Miche Kumi, Si Mia Mbili

Kwa kuwa jamaa yangu wa chumba ameshairusha kwenye stetasi stori ya siku niliyowasilisha utafiti wangu darasani, eti nililia na nikanunua miche mia mbili ya zabibu, na watu wa kozi nyingine wananiita "Mzee wa Miche" mpaka kantini, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, sikulia. Lilikuwa vumbi; upepo wa Dodoma mnaujua. Pili, miche ilikuwa kumi, si mia mbili.

Mada yangu ni kilimo cha zabibu. Nilikuwa na makala moja tamu ajabu: picha za rangi, mtaalamu anaeleza jinsi zabibu za huku zinavyovunwa mara mbili kwa mwaka. Nikamnukuu karibu ukurasa mzima.

Kabla yangu akawasilisha huyohuyo jamaa. Mada: uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Vyanzo vyake? Magazeti ya mwaka ule. Nikacheka kimoyomoyo. Dokta, mhadhiri wetu, akamsifu! Eti kama unauliza wananchi waliambiwa nini, gazeti la siku ile ndilo ushahidi wenyewe. Nikasema moyoni, kama gazeti jeusi na jeupe limepita, yangu yenye rangi itakosaje?

Zamu yangu ikafika.

"Fungua hiyo makala tuione."

Nikafungua. Ukuta mzima zabibu.

"Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, iko wapi?"

Nikashuka. Chupa ya mvinyo.

"Marejeo?"

Nikashuka. Mzee mwenye kofia anatabasamu shambani.

"Nani aliihakiki kabla haijachapwa?"

Wadau, ninyi mngenyamaza. Mimi nikajibu, "Mhariri, Dokta."

"Nauliza wataalamu wenzake, wale wanaoirudisha kazi ikiwa imejaa maswali."

Nikashuka mpaka mwisho kabisa, pale marejeo hukaa. Palikuwa na namba ya simu. Na juu yake, maandishi ambayo kwenye simu yangu sikuwahi kuyaona, ila pale ukutani yalikuwa marefu kuliko mimi: TANGAZO LA KULIPIWA.

Dokta akavua miwani. Akaifuta kwa shati, lenzi moja, kisha ya pili. Akaivaa.

"Tumuulize mwandishi. Piga, weka spika."

Nikampigia. Mtandao unaokatika kila nikifuatilia bumu, pesa yetu ya mkopo wa chuo, siku hiyo ukasimama imara.

"Mbukwa!" akanisalimia Kigogo. "Unataka miche mingapi?"

"Shikamoo baba. Mimi mwanafunzi, nimekunukuu kwenye utafiti…"

"Marahaba mwanangu. Mingapi?"

Darasa limebana pumzi. Kuna dada wa mbele alikuwa anang'ata daftari, nilimwona.

"Baba, nilitaka kujua yale matokeo ya mavuno uliyapataje…"

"Aa, watafiti wa zabibu wako kituoni kwao Makutupora, mwanangu. Nenda kawaulize wao. Mimi nauza miche."

Hapo darasa likaanguka. Dokta kashikilia ubao. Na mimi, jamani, nimelelewa; simu ya mtu mzima unaikataje hivihivi bila kununua kitu? Nikasema kumi.

Basi, nimepewa wiki moja nirekebishe. Maktaba nimekwenda, nikatoka na kitu cha kwenye jarida la kitaaluma, chenye juzuu, namba ya toleo, jina la chuo kikuu, kila kitu. Dokta akakirudisha: ni tahariri. Kumbe hata humo ndani si kila ukurasa umepita kwa wahakiki! Sasa nimepata makala yenyewe hasa, marejeo yake kurasa tatu, picha ya zabibu hata moja hakuna.

Mzee kapiga tena asubuhi hii. Miche iko tayari, anauliza shamba langu liko upande gani. Nakaa hosteli, ghorofa ya tatu.