Kapeti na lawama za magongo ya Kenya

Kila mara timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa magongo ya Kenya inapokosa tiketi ya Olimpiki, maelezo huwa yale yale: kapeti, yaani uwanja wa nyasi bandia. Enzi za nyasi Kenya ilikuwa miongoni mwa vigogo, nyasi bandia zikaja, nchi zenye pesa zikatandika viwanja, Kenya ikabaki na vumbi lake. Maelezo haya yana ukweli mwingi, ndiyo maana yamedumu. Ila ukiyaweka kando ya tarehe yanavuja, na pale yanapovuja ndipo panapofaa kuamua pesa zitumike wapi.

Wanaolaumu kapeti wana hoja za kiufundi, tuanze nao. Kwenye nyasi mpira hudunda, hupunguza kasi, hubadili njia ukigonga kibonge cha udongo. Mwenye viganja vyepesi ndiye mfalme: anaupokea gongo likiwa wima, anaulaza, anampiga beki chenga, anatoa pasi fupi. Huo ndio mchezo wa Punjab na Goa, kule Bara Hindi, na ndio uliochezwa Nairobi na vijana wa jamii za Wahindi na Wagoa waliovaa jezi ya Kenya miaka ya 1950 na 1960. Tokyo 1964 timu hiyo ilimaliza ya sita. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, ilikuwa ya nne kati ya timu kumi, nyuma ya Pakistan, Hispania na India tu.

Kwenye kapeti lililomwagiwa maji mpira hauna sababu ya kudunda. Unateleza sawasawa, kasi yake haipungui, na pasi ya mita 40 inafika ikiwa na moto ule ule iliotoka nao. Anayepokea lazima aliweke gongo chini, karibu lilale, kwa sababu hahitaji tena kujikinga na mpira unaoruka. Mbio haziishi. Kanuni nazo zikaufuata uwanja: wachezaji wakaruhusiwa kuingia na kutoka bila kikomo, na kuotea kukafutwa miaka ya 1990. Chenga haikufa, ila mapafu yakapanda cheo.

India yenyewe ni shahidi wa upande huu. Montreal 1976, Olimpiki ya kwanza kuchezewa nyasi bandia, bingwa wa miongo mingi aliangukia nafasi ya saba. Ukiiacha dhahabu ya Moscow 1980, ambako mataifa mengi yalisusia na timu zilikuwa sita tu, India haikupanda jukwaa la medali hadi shaba ya Tokyo mwaka 2021. (Moscow ndiko Tanzania, iliyoingia kuziba pengo la waliosusia, ilikofungwa na India mabao 18 kwa 0. Mashabiki wa Kenya hupenda kuwakumbusha majirani, wakisahau kwamba angalau Tanzania ilikwenda.) Kenya haikucheza Montreal wala Moscow kwa sababu ya migomo ya kisiasa, kwa hiyo Olimpiki mbili za kwanza za kapeti zilimpita mlangoni. Wenzake walikuwa wakijifunza, yeye akisoma matokeo gazetini.

Hapo hoja inakuwa na nguvu. Sasa zitazame tarehe. Munich 1972, Kenya ilimaliza ya 13. Kombe la Dunia la 1973, Amstelveen, ilikuwa ya 12 kati ya timu 12. Viwanja vyote viwili vilikuwa vya nyasi. Anguko la kutoka nafasi ya nne hadi mkiani lilichukua miaka miwili, na plastiki ilikuwa bado haijatandikwa popote kwenye mashindano makubwa.

Kilichotokea kilihusu watu. Kikosi kile kililishwa na klabu chache za Nairobi na shule chache za mjini, nyingi zikiwa za jamii mbili tatu. Baada ya uhuru familia nyingi za jamii hizo zilihamia Uingereza na Kanada. Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne kuanzia 1960 na kuwa nahodha katika tatu za mwisho, alifikia tamati ya Olimpiki zake Munich, na nyuma yake hapakuwa na foleni. Mkondo mwembamba hukauka upesi.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanaolaumu kapeti huuruka. Kikosi kilichojengwa upya kilicheza Los Angeles 1984 na kumaliza cha tisa, juu ya kapeti. Mwaka 1987 Kenya ilitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika City Park, Nairobi, juu ya kapeti jipya la nyumbani, ikaenda Seoul 1988 na kumaliza ya 12. Hiyo ndiyo Olimpiki yake ya mwisho hadi leo. Tiketi ya Barcelona 1992 ilikwenda Misri, kabla Afrika Kusini haijarudi kwenye mashindano ya bara. Na Misri haikuwa na kapeti la miujiza ambalo Kenya haikuwa nalo.

Kwa maoni yetu basi, kapeti halikuiangusha timu ya taifa. Linaizuia kuinuka, na linafanya hivyo mchezaji akiwa na miaka 14, muda mrefu kabla hajaitwa kambini. Kona fupi, adhabu ya timu inayofanya kosa ndani ya duara la lango lake, inalionyesha hili vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Kona fupi ndiyo kiwanda cha mabao cha magongo ya leo. Mabeki wanne na kipa wanasimama nyuma ya mstari wa goli, wenzao wote wanarudishwa mstari wa kati. Msukumaji anaweka mpira kwenye mstari wa goli, mita 10 au zaidi kutoka mwimo wa lango. Anausukuma hadi nje kidogo ya duara, ambalo kingo yake iko mita 14.63 kutoka golini. Mwenzake anauzuia, gongo likiwa limelala chini. Wa tatu anaingia, anaunasa kwenye kitako cha gongo, anauburuta kwenye zulia kwa hatua ndefu na kuuachia kama kombeo. Akiupiga kwa kishindo, shuti hilo la kwanza halitakiwi kuvuka mstari likiwa juu ya ubao wa nyuma wa lango, yaani sentimita 46. Akiuburuta na kuurusha, anaruhusiwa kulenga hata pembe ya juu. Ndiyo maana kila nchi inamtafuta mburutaji. Argentina ilitwaa dhahabu ya Rio 2016 ikiwa na Gonzalo Peillat, mfungaji bora wa mashindano yale. Harmanpreet Singh wa India alifunga mabao 10 Paris 2024, mengi yakitokana na kona na penalti.

Fanya zoezi hilo hilo kwenye uwanja wa shule wenye nyasi na mashimo. Msukumo unatoka sawa, unagonga kibonge mita ya saba, mpira unafika ukiwa juu ya kifundo cha mguu. Mzuiaji hawezi kulaza gongo, maana mpira utaliruka, kwa hiyo anasimamisha gongo na kuupokea kwa tahadhari. Wakati mpira unatulia, beki wa kwanza amekwisha fika. Mburutaji naye haburuti kitu, kwa kuwa kwenye udongo mpira hauteremki kwenye gongo kwa ulaini, unarukaruka. Kocha mwenye akili anafanya la busara: anaiacha kona ya kuburuta, anafundisha kupiga kwa nguvu. Timu yake inashinda mashindano ya kaunti. Kijana anamaliza Kidato cha Nne akiwa hodari wa kitu ambacho makipa wa kimataifa hukizuia kwa miguu.

Akija kwenye kapeti akiwa na miaka 19, ana mazoea manne ya kuyaacha: kupokea gongo likiwa wima, kuuangalia mpira kila wakati badala ya kuinua kichwa, kugusa mara tatu pale panapotakiwa mguso mmoja, na kusimama baada ya pasi. Hakuna kambi ya wiki tatu inayofuta hayo.

Shule zenyewe hazina upungufu wa vipaji. St. Anthony's Kitale, Friends School Kamusinga na Musingu zimekuwa zikilisha klabu kwa miaka mingi, na ndizo zilizouhamisha mchezo huu kutoka Nairobi hadi magharibi ya nchi. Tatizo lao jingine ni kalenda. Magongo huchezwa kwenye michezo ya muhula wa kwanza. Aprili ikipita, gongo linarudi stoo.

Kwa hiyo, ujenge nini? Mabishano yako baina ya kiwanja kimoja cha maji, yaani kapeti linalolowanishwa kabla ya mechi, chenye hadhi ya kimataifa, na viwanja kadhaa mikoani vya kapeti la mchanga, lililojazwa mchanga kati ya nyuzi zake.

Wanaotaka cha maji wanasema, kwa haki, kwamba mashindano yote makubwa huchezewa kapeti la maji, na timu isiyolizoea hupoteza robo ya kwanza ikijifunza kasi ya mpira. Mechi ina robo nne za dakika 15. Robo moja si kitu cha kuchezea.

Lakini piga hesabu. Uwanja ni mita 91.4 kwa 55, na ukiweka ukingo wa usalama unafika 101.4 kwa 63, yaani karibu mita za mraba 6,400. Kila milimita moja ya maji juu yake ni lita 6,400, na kapeti la kizamani hutaka milimita mbili hadi tatu kabla ya mechi, kisha nyongeza wakati wa mapumziko. Jua la Januari likiliwakia, maji yanakauka katikati ya robo: mpira unapunguza kasi, viatu vinanata, na goti linageuka huku mguu ukiwa umebaki. Pampu ikiharibika, kiwanja cha maji ni kibaya kuliko cha mchanga. FIH, shirikisho la magongo la dunia, yenyewe inasukuma makapeti yanayohitaji maji kidogo au yasiyohitaji kabisa, kwa hiyo anayenunua mfumo mkubwa wa maji leo ananunua kitu ambacho shirikisho hilo linakiaga.

La mchanga halina kisima, lakini lina ada yake. Lisipopigwa brashi kila wiki, mchanga hushikana, maji ya mvua hayapiti, sehemu za mbele ya lango hubaki upara. Mpira ni wa taratibu kidogo na kuteleza kwa magoti huchubua. Kuburuta kona kunawezekana, ila gongo hulika upesi, na gongo zuri si bei ya mwanafunzi. Kapeti la aina yoyote huishi miaka minane hadi kumi likitunzwa. Chini yake kuna godoro la mpira ambalo likitandikwa vizuri hubeba makapeti mawili. Zabuni nyingi hulipunguza godoro hilo ili bei ishuke, kisha watu hushangaa mpira unaporuka kama uko kwenye saruji.

Mchezo wa watano kwa watano ni ushahidi wa aina yake. Januari 2024, Muscat, Kenya ilicheza Kombe la Dunia la Hockey5s na kuingia timu nane za juu. Uwanja wake ni takriban mita 48 kwa 32, wenye mbao pembeni, na hauna kona fupi. Ukiondoa kona na mapafu ya uwanja mrefu, Mkenya si mnyonge. Wapinzani wa hoja hii husema vigogo kadhaa hawakupeleka vikosi vyao bora, na hawakosei.

Ugumu wa bara nao haupungui. Afrika Kusini ilitwaa kila Kombe la Afrika kuanzia 1993 hadi 2022, na tiketi ya moja kwa moja ya Olimpiki kwa bara ni moja. Kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini iliwahi kuikataa njia hiyo ya Afrika, Sydney 2000 na Rio 2016, ikidai ni nyepesi mno. Kwa Tokyo ikaikubali, na huko, mwaka 2021, timu ikaifunga Ujerumani 4 kwa 3. Tangu 2020 alama za orodha ya dunia huhesabiwa mechi kwa mechi, hivyo timu inayocheza mara moja kwa mwaka haiwezi kupanda sana hata ikishinda.

Kati ya pande hizo mbili kuna njia ambayo haizungumzwi sana, labda kwa sababu haina utepe wa kukata. Kutoka mstari wa goli hadi mstari wa mita 23, kwa upana wote wa uwanja, ni mita za mraba 1,265, zaidi kidogo ya robo ya eneo la kuchezea. Kapeti la ukubwa huo, hata kipande kizuri kilichong'olewa kwenye uwanja unaobadilishwa, linatosha kwa kona fupi, kwa penalti za kuvunja sare, za sekunde nane, zinazoanzia mita 23, na kwa kipa kujifunza miguu yake. Halifundishi kukaba uwanja mzima, hilo ni kweli, na kocha wa taifa ataendelea kulalamika. Lakini Kitale wangepata msukumaji, mzuiaji na mburutaji wanaoanza kazi hiyo wakiwa na miaka 15, na kwenye mechi ya kufuzu inayoamuliwa kwa bao moja, hao watatu ndio wanaokosekana.