Kundi la droni ndogo lina kazi gani Bududa?

Droni yenye mapangaboi manne haina usukani wala mkia. Mapangaboi mawili huzunguka kwa mwendo wa saa, mawili kinyume chake, na kompyuta iliyo ndani hurekebisha kasi ya kila moja mara mamia kwa sekunde. Ya nyuma yakiongezwa kasi, droni huinama na kusonga mbele. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyojigeuza upesi, na ndiyo maana zile za kiganjani hupenya mahali ambapo kubwa ingegonga ukuta.

Mwaka 2012 Vijay Kumar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walirusha droni 20 za aina hiyo kwa pamoja, bila kugongana. Zilipendeza sana, ila zilikuwa ndani ya ukumbi, na kamera zilizofungwa humo ndizo zilizoziambia ziko wapi. Hata droni 1,218 zilizopamba Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 kule Korea Kusini zilifuata njia zilizopangwa mapema. Kushirikiana hasa kulionekana mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Zhejiang cha China kilipopitisha droni 10 katika msitu wa mianzi, kila moja ikitumia kamera na kompyuta yake na kuwajulisha wenzake njia inayokusudia kupita. Kama siafu, hazikuwa na mkubwa wa kuzipangia kila hatua.

Hapa ndipo Uganda inapoingia. Wanaotaka tuwekeze katika makundi haya hutaja miteremko ya Mlima Elgon. Maporomoko ya Machi 1, 2010 yalifukia kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, mashariki mwa Uganda, na kwa kuwa mitambo haikuweza kufika, watu walichimba kwa majembe na mikono. Kundi lingegawana mlima vipande vipande. Moja ikianguka, zilizobaki zingechukua eneo lake, na pasipo mtandao wa simu zingewasiliana zenyewe.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Kamera haioni mtu aliye chini ya tope. Mvua na ukungu vinavyoleta maporomoko ndivyo vinavyozizuia droni kuruka. Crazyflie, droni ya maabara yenye gramu 27, hukaa hewani dakika saba hivi tu. Kubeba mzigo kwa pamoja pia kuna gharama: ukizifunga kadhaa pamoja, wepesi unapotea. Kwa kupeleka dawa, ndege moja inatosha. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ilianza mwaka 2021 kupeleka dawa za VVU kwa droni katika visiwa vya Kalangala, na sioni kundi lingeongeza nini pale.

Kwa hiyo naikubali hoja ya wapinzani kuhusu uokoaji, na kuhusu mizigo pia. Lakini naona pande zote mbili zinatazama saa isiyo sahihi. Kazi ya kundi Bududa ni kabla ya maafa: mvua inapokatika, kupita juu ya migomba na kahawa kutafuta nyufa mpya mlimani, kisha kurudi wiki inayofuata kuona kama zimepanuka. Eneo ni pana, lina mabonde na miti, na mtu mmoja mwenye droni moja atalimaliza polepole mno. Dakika chache za betri si kikwazo kikubwa pale droni nyingi zinapogawana kazi.

Kikwazo kikubwa ni kibali. Kurusha droni Uganda kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya kiusalama kutoka Wizara ya Ulinzi. Naielewa tahadhari hiyo. Nchi iliyopigana na waasi wa ADF ina sababu ya kuhofia vyombo vinavyojiongoza angani. Hata hivyo nyufa hazisubiri barua ipite ofisi hadi ofisi. Kibali cha msimu mzima kwa wilaya za Elgon, chenye mipaka ya eneo na kimo, kingelinda usalama na kuruhusu kazi. Na picha zimfikie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, siku hiyo hiyo, kwa kuwa yeye ndiye atakayebisha hodi kwenye nyumba zilizo chini ya ufa.