Shemeji na Ndoo ya Majivu

Shemeji yangu ana mikono myepesi ya kusaidia na masikio mazito ya kusikiliza. Nilimwachia bluberi zangu na kazi moja tu: kumwagilia. Niliporudi nikamkuta kati ya mistari, ndoo mkononi, mweupe mpaka magotini.

“Shem, nimekulishia watoto!”

Majivu. Makopo mawili kila mche, tena kayakoroga na maji ili yashuke haraka.

Bluberi inataka udongo wa tindikali, pH 4.5 hadi 5.5 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali huzidi). Majivu ya kuni huvuka 10. Basi baada ya muda majani machanga yakageuka njano, mishipa ikabaki kijani: madini ya chuma yamo udongoni, ila pH ikipanda mizizi haiyapati.

“Umeona? Zinaiva!”

“Shem, hayo ni majani.”

Akatafakari, akaamua ni njaa ya naitrojeni. Hapo angepata nusu ya alama kama njano ingeanzia majani ya chini, tena jani zima. Nikamdaka na gunia la mbolea ya CAN. Nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo bluberi huitumia kwa shida, na ndani mna chokaa.

“Ungeleta na saruji,” nikamwambia, “tupandishe ukuta kabisa.”

Adhabu yake ilikuwa kukwangua udongo wenye majivu kwa vidole. Jembe marufuku, kwa sababu mizizi ya bluberi ni myembamba na iko juujuu. Nikamwagia chuma cha EDDHA, yaani chuma kilichofungwa na kemikali ili mizizi iweze kukipata. Kile kilichofungwa na EDTA, pH ikipanda hakifai kitu udongoni. Nikachanganya na salfa ya unga, nikijua haina haraka: bakteria ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, na huchukua miezi. Siki aliyoileta shemeji nikairudisha jikoni. Hiyo hushusha pH kidogo, kisha hali hurudi ilipokuwa.

Ikabaki mbolea yenyewe. SA (salfeti ya amonia), gramu 30 kwa mche mchanga, uimwage kwa mduara sentimeta 30 kutoka shinani, umwagilie, urudie baada ya wiki sita. Ukiizidisha, kingo za majani huungua.

Shemeji alisikiliza vizuri sana, jambo lililonitia wasiwasi.

“Gramu 30 ni koleo ngapi?”

“Vijiko viwili vya mezani.”

“Viwili? Kwani unalisha kifaranga?”

Nikacheka naye, nikamsindikiza hadi njiani, kisha nikarudi mbio kuficha koleo.