Usiguse Nimesema

Anayesifia uhuru wa kila mtu kujipangia mambo yake, aje akae wiki moja tu kwenye kompyuta yetu. Nafanya kazi steshenari hapa Majengo, Dodoma, karibu na soko. Tunachapa kadi za michango, kadi za harusi, fulana na mabango. Kompyuta ya dizaini ni moja, programu ya kutengenezea picha, Photoshop, ni moja, watumiaji wanne, na kila mmoja anaamini Mungu alimfunulia yeye peke yake mahali paneli ya leya, kile kidirisha cha matabaka ya picha, inapotakiwa kukaa.

Dada wa zamu ya asubuhi anaitaka kushoto. Kushoto, jamani! Jamaa wa mabango yeye hafungi kitu: leya, rangi, historia, brashi, herufi, aya, zote ziko wazi zinaelea. Skrini yenyewe ndogo. Akishamaliza kujipanga, sehemu ya kufanyia kazi inabaki kama dirisha la tiketi stendi. Ukiliona jina la bwana harusi, la bibi harusi hulioni. Nikimwambia afunge baadhi, ananijibu, "Kaka, fundi hutandaza vifaa vyake vyote." Atandaze, lakini si juu ya kadi ya watu.

Hao wawili nimeshawazoea. Mwenye kesi ni mpwa wa bosi, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi. Huyu aligundua vidoti vitatu.

Kama huvijui, viko chini kabisa ya upau wa zana. Ukivibofya kwa kushikilia, ukachagua Edit Toolbar, linafunguka dirisha lenye safu mbili: upande huu zana zinazoonekana, upande ule za ziada. Usiyoitaka unaikokota, unaitupa kwenye ziada, imetoweka machoni. Walioweka mambo haya walimfikiria mtu mwenye kompyuta yake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Mpwa wa bosi hawakumfikiria. Photoshop ilitoka mwaka 1990, huyu kijana hata hajazaliwa, kumbe miaka yote hiyo ilikuwa inamsubiri aje kuinyoosha. Akasema zana ni nyingi, zinaleta vurugu. Akabakiza anazozitumia yeye. Ile ya kunyonya rangi ikaenda ziada, hoja yake ikiwa kwamba tangu aanze kazi hajaihitaji. Alikuwa ameanza Jumatatu.

Hata hivyo zana ikiwa ziada, herufi yake ya mkato bado inaiita. Ungebonyeza I, ikaja. Isipokuwa pale kwenye dirisha mtu awe ameweka tiki kwenye kisanduku cha kuzima herufi za mkato za zana zilizofichwa. Tiki ilikuwepo.

Ndipo akaingia mama wa kamati na kipande cha kitenge mkononi. Mnawajua hawa, hawaji kuuliza bei, wanakuja kusimamia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nataka kadi ya rangi hii ya sare. Si inayokaribiana nayo. Hii! Nikakipiga picha kitenge, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaenda kunyonya rangi. Zana hamna. Nikabonyeza I. Kimya. Mama yuko nyuma ya shingo yangu, kidole kimeshafika kwenye kioo.

"Bonyeza haka kapenseli."

"Si hako, mama."

"Basi haka kamkono."

"Hako ka kusogezea tu, mama."

"Mwanangu, hii kazi umesomea?"

Nikaingia kwenye vile vidoti, nikabofya Restore Defaults, zana zote zikarudi nyumbani, mama akapata rangi yake. Jioni kijana anafika, hata salamu hakuna: "Nani kaharibu mpangilio wangu?"

Dawa ipo, nisiseme uongo. Kwenye menyu ya Window, chini ya Workspace, kila mtu anaweza kuhifadhi mpangilio wake kwa jina lake. Tukaambiana tufanye hivyo. Orodha yetu leo inasomeka: Mpya, Mpya 2, Mpya ya Kweli, Usiguse, Usiguse Nimesema. Ipi ni ya nani, hakuna ajuaye, na inayoguswa kuliko zote ni hiyo Usiguse. Bosi akasikia kuna na Lock Workspace ya kufunga paneli zisisogezwe, akafurahi, akaitisha kikao kabisa. Tatizo, kufuli lenyewe halina funguo wala nywila. Unabofya palepale ulipofungia, limefunguka. Lilidumu mpaka jamaa wa mabango aliporudi kutoka kula chipsi.

Kuna siku mtoto wa mteja alipitisha mkono kwenye kibodi, akagusa Tab. Ukigusa Tab paneli zote zinajificha, ukigusa tena zinarudi, basi. Mpwa wa bosi akatangaza kirusi. Kabla sijafungua mdomo, msomi wetu keshachomoa waya ukutani. Bango ambalo halijahifadhiwa likaenda na maji, na hiyo ilikuwa Juni, Bunge la bajeti limepamba moto, mji umejaa wageni, mwenye bango amesimama palepale anaangalia saa.

Juzi bosi kaleta skrini ya pili, kaielekeza kwa wateja ili waone kazi bila kutupumulia shingoni. Mteja wa kwanza mzee mmoja katokea Chamwino, kaja na kadi ya mchango ya mwanawe. Akaitazama skrini muda mrefu.

"Kijana, huo muhuri hapo pembeni ni wa ofisi gani?"

"Huo si wa kadi, mzee. Ni zana ya kunakilia."

"Na hiyo raba? Na huo mkono?"

"Hivyo havichapwi, mzee."

"Kama havichapwi vinafanya nini kwenye kadi ya mwanangu? Viondoe."

Nikaona isiwe tabu, nikagusa Tab. Vyote vikapotea, ikabaki kadi peke yake. Mzee akavuta pumzi ameridhika.

"Umeona sasa? Ulikuwa umeijaza takataka."

Mpwa wa bosi, pale mlangoni, akadakia: "Mzee, waambie hawa! Mimi ndicho ninachowaambia kila siku."