Mzee asiye na meno na kinywa kikavu: tuulaumu uzee?

Mzee akishakuwa kibogoyo, chakula chake hubadilika nyumbani bila kikao chochote. Mahindi ya kuchoma yanampita, nyama inasagwa au inaachwa kabisa, na uji unakuwa mlo badala ya kifungua kinywa. Baada ya muda anaanza kuomba maji kila baada ya tonge mbili. Ulimi unanata kwenye kaakaa, na usiku anaamka kinywa kimekauka. Akieleza zahanati, mara nyingi jibu ni fupi: "Ni uzee huo, mzee wangu." Nyumbani nako anaambiwa vivyo hivyo, kwa upole. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linamfungia mzee mlango ambao mara nyingi ulikuwa wazi.

Mate yanatoka hasa kwenye jozi tatu za tezi kubwa: moja mbele ya masikio, nyingine chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi. Kuna pia mamia ya tezi ndogondogo zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kwa siku mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Tezi hizi hazifanyi kazi kwa zamu sawa. Tukiwa tumetulia, kinywa hulowanishwa zaidi na tezi za chini ya taya. Tukianza kutafuna, tezi za mbele ya masikio ndizo zinazofungulia, zikimwaga mate mepesi yenye kimeng'enya cha kusaga wanga. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu mabishano yote kuhusu kama uzee ndio unaokausha kinywa yanaizunguka.

Wanaosema uzee na kukosa meno vinaziathiri tezi wana ushahidi wa macho. Chini ya hadubini, tezi ya kijana imejaa vifuko vya seli vilivyobanana kama kishada cha zabibu. Ya mzee ina mapengo: mahali pa vifuko hivyo pamejaa mafuta na nyuzi za kovu. Katika tezi ya chini ya taya, sehemu inayotengeneza mate inaweza kuwa imepungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na ya kijana.

Halafu kuna meno yenyewe. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikiliwa na nyuzi laini zenye neva zinazohisi kila mgandamizo wa kutafuna. Neva hizo hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huziamuru tezi zitoe mate. Mwaka 1987 watafiti Hector na Linden walionyesha kwamba neva za kuzunguka meno zikitiwa ganzi, mate ya tezi ya mbele ya sikio yanayoletwa na kutafuna hupungua. Jino liking'olewa, nyuzi zile na neva zake zinakwenda nalo. Kwa hiyo kibogoyo hakupoteza visagio tu; amepoteza pia sehemu ya kengele inayoziamsha tezi.

Ushahidi wa wanyama unakwenda upande huohuo. Panya wakilishwa chakula cha majimaji tu, tezi zao za mbele ya sikio husinyaa, na wakirudishiwa chakula kigumu tezi hunenepa tena. Tangu miaka ya 1960 imeonekana kwamba hata binadamu akiishi kwa chakula cha kunywa, mate ya tezi hizo hupungua. Tezi hii, kama msuli, inataka kazi.

Hapo mtu angeweza kufunga hoja: umri umeila tezi, kukosa meno kumeinyima kazi, basi kinywa kimekauka. Upande wa pili unauliza swali jepesi tu. Mbona wapo wazee wengi wa miaka 80 ambao vinywa vyao vimelowa vizuri?

Mwaka 1981 Bruce Baum, mtafiti wa Marekani, alichapisha vipimo vya mate ya tezi ya mbele ya sikio kwa watu wenye afya wa rika mbalimbali, vijana hadi wazee. Mate yaliyochochewa hayakupungua kwa sababu ya umri. Matokeo hayo yalitikisa imani ya muda mrefu, kwa kuwa tafiti nyingi za nyuma zilichanganya wazima na wagonjwa, wanaotumia dawa na wasiotumia. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2015 ulileta picha yenye pande mbili: mate ya jumla na yale ya tezi za chini ya taya na chini ya ulimi yalikuwa machache zaidi kwa wazee, lakini ya tezi ya mbele ya sikio hayakubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Yaani tezi ile ile inayotegemea sana kutafuna ndiyo inayostahimili umri vizuri.

Upande huu una hoja nyingine mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kutafuna si kengele pekee. Ladha, hasa uchachu, inazichochea tezi kwa nguvu sana, na ladha haihitaji jino. Ya pili ni kwamba huenda tunaisoma hadithi kinyumenyume. Mate ndiyo yanayosafisha asidi na kulinda meno. Yakipungua, meno huoza hadi kwenye mizizi na kung'olewa. Ukimkuta mzee hana meno na kinywa ni kikavu, yawezekana ukavu ndio uliotangulia. Anayedai kwamba kukosa meno kumekausha kinywa hana budi kueleza kipi kilianza.

Kisha kuna dawa, na hapa sioni nafasi ya kusitasita. Mzee mwenye presha, maumivu ya neva, mafua ya mara kwa mara na kibofu kisichotulia anaweza kuwa anameza dawa nne, na zote nne zikawa zinakausha kinywa: za kupunguza maji mwilini kama furosemidi, amitriptilini ya maumivu ya neva, klofeniramini ambayo wengi wanaijua kama Piriton, na zile za kutuliza kibofu. Ongeza kisukari kisichodhibitiwa. Hapo kumwambia "ni uzee" ni kumkosea haki.

Mimi sidhani kwamba upande mmoja unaufuta mwingine. Fikiria nyumba yenye tangi kubwa la maji. Bomba likikatika siku mbili, wenye nyumba hawajui. Tangi likiwa dogo, jioni tu wanaanza kuhangaika na ndoo. Tezi za kijana ni tangi kubwa: zina akiba. Miaka inaipunguza akiba hiyo kimyakimya, na kukosa kutafuna huenda kunaipunguza zaidi, lakini mzee mwenye afya bado anapata mate ya kumtosha. Ikija dawa ya kukausha, ambayo kijana angeimeza bila kuona tofauti kubwa, mzee anakauka. Kwa maana hiyo uzee na meno vimeandaa uwanja, ila kinachokausha mara nyingi ni kidonge. Na kidonge kinaweza kupunguzwa, kubadilishwa au kuhamishiwa saa nyingine na aliyekiandika. Mzee asikiache mwenyewe, hasa cha presha.

Kuna mabadiliko mengine ambayo mijadala ya vipimo huyasahau, nayo nayaona ya kibogoyo hasa, si ya kila mzee. Meno yakiondoka, mfupa wa taya uliokuwa umeyashika huliwa mwaka hadi mwaka, na taya la chini huwa jembamba na fupi. Tezi za chini ya ulimi, zilizokuwa zimekaa chini kabisa ndani ya ukingo wa taya, sasa zinaonekana zimevimba kwenda juu, wakati mwingine zikifunika ukingo wenyewe. Mtu akifungua kinywa hudhani ana uvimbe. Tezi haijakua; ni ukuta uliokuwa mbele yake ulioshuka. Fundi akitengeneza meno ya bandia bila kuliangalia hilo, ukingo wake hukaa juu ya tezi, ulimi ukiinuka meno yanaruka. Mbaya zaidi, ukingo unaweza kubana mfereji wa mate unaofunguka chini ya ulimi, na tezi ya chini ya taya ikavimba na kuuma kila wakati wa kula. Malalamiko kama hayo yasichukuliwe kuwa ni mzee kukataa kuzoea.

Uso nao hufupika. Bila meno ya kuuzuia, kidevu husogea karibu na pua, pembe za midomo zinajikunja, na mate machache yaliyopo yanatiririkia kwenye mikunjo hiyo. Ngozi inalowa, inachanika, fangasi wanaingia. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee anafuta udenda pembeni mwa mdomo huku akikuambia kinywa ni kikavu. Jamaa humwona kama anajichanganya. Anasema kweli mara zote mbili.

Meno ya bandia yenyewe yanayahitaji mate kuliko wengi wanavyofikiri. Plastiki inashikamana na ufizi kwa utando mwembamba wa mate, kama vioo viwili vyenye tone la maji katikati. Kinywa kikikauka yanacheza, yanakwaruza, vidonda vinatokea, na mzee anayatia kwenye kikombe na kurudi kwenye uji. Je, kumrudishia meno kunarudisha mate? Siku za mwanzo, ndiyo, tena kupita kiasi, kwa sababu ubongo unayachukua kama chakula. Mate hayo ya ghafla hupoa. Kuhusu faida ya kudumu, matokeo ya tafiti hayalingani, nami nisingemwahidi mtu. Ninachokiona cha uhakika zaidi ni kwamba meno yanayokaa vizuri yanamrudisha kwenye vyakula vya kutafuna.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wenye huruma ya uji. Hofu yao ni ya kweli: asiye na meno humeza tonge kubwa, na mwenye kinywa kikavu hupaliwa kwa urahisi. Nyama ngumu haifai. Lakini kati ya nyama ngumu na uji kuna muhogo uliochemshwa ukaiva, ndizi za kupika, samaki aliyetolewa miiba, embe bivu, mboga yenye mchuzi. Ufizi unaweza kuvifanyia kazi, na ladha yake inazichokoza tezi.

Kwa hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watu wa miaka 50 na zaidi mkoani Pwani na Dar es Salaam ulikuta wengi mno wamepoteza angalau jino moja, ingawa waliokosa yote walikuwa wachache sana. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu asilimia 23 ya wenye miaka 60 na kuendelea hawana jino hata moja. Wetu wengi, basi, wako njiani, bado wana machache ya kuokolewa, nao ndio ambao ukavu wa kinywa utawagharimu haraka zaidi.

Kupima ni rahisi ajabu. Mzee anakaa ametulia, anaacha mate yadondoke kwenye kikombe chenye vipimo kwa dakika tano. Yakiwa chini ya nusu mililita, tezi kweli hazitoi mate ya kutosha. Kisha anatafuna kipande cha nta safi, kwa meno aliyonayo au ya bandia, na kikombe kinawekwa tena. Yakiongezeka, tezi bado ziko hai, zinasubiri kuitwa. Na kabla ya kikombe, mfuko wake wa dawa umwagwe mezani, zikiwemo zile za dukani ambazo hakuna daktari aliyeziandika.