Spea Mpya Haitoshi, Tafuta Kilichoua ya Zamani

Fyuzi ya joto ya mashine yangu ya kukaushia nguo iliungua mara mbili ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza nilimwita fundi. Alifungua mgongo wa mashine, akang'oa kile kidude cheupe kisichozidi kidole gumba, akaweka kipya, akalipwa, akaenda zake. Nguo zikakauka. Mara ya pili pipa lilizunguka kama kawaida, lakini shuka zilitoka zimelowa na za baridi vilevile. Nikaivuta mashine mwenyewe kutoka ukutani na kuchomoa bomba la kutolea hewa. Ndani, vumbi la nguo lilikuwa limeshikamana kama godoro la kijivu, limebakiza tundu la kupita kidole kimoja tu.

Fundi yule hakuligusa bomba lile. Alibadilisha kilichokufa bila kuuliza kimeuawa na nini, na hilo ndilo kosa ninaloliona kila mahali mashine hizi zinapotengenezwa.

Fyuzi ya joto haifanani na themostati, ambayo hukata na kurudisha umeme wa joto mara kwa mara nguo zinapokauka. Fyuzi ikikata, imekata moja kwa moja. Imewekwa pale ife ili nyumba isiungue. Hewa ya moto ikikosa pa kutokea, joto hupanda ndani ya mashine, na fyuzi inakata. Kwenye mashine nyingine pipa huendelea kuzunguka bila joto. Nyingine hazitawaka kabisa. Kuipima ni rahisi: chomoa plagi, toa nyaya zake, weka ncha mbili za mita ya kupimia umeme. Nzima hupitisha umeme, iliyoungua haipitishi. Ila ukishaikuta imeungua, usifunge mashine kabla hujakagua chujio, bomba lote hadi mdomo wake wa nje, na njia ya hewa ndani ya mashine. Na tafadhali, asikushawishi mtu kuiruka fyuzi kwa kipande cha waya ili mashine ifanye kazi kwa leo. Vumbi la nguo ni nyuzi kavu zinazoshika moto upesi. Nchini Marekani, idara ya serikali inayoshughulikia moto imekuwa ikitaja kutosafisha mashine hizi kuwa sababu kuu ya mioto ya mashine hizo majumbani.

Sehemu nyingine zinazochakaa hupiga kelele muda mrefu kabla ya kufa, na sisi huzizoea. Pipa likigonga du, du, du kwa mpigo uleule kila linapozunguka, shuku rola zinazolibeba. Mpira wake huisha upande mmoja, au tundu lake la katikati hupanuka, rola ikaanza kuyumba kwenye ekseli. Ukiisukuma kwa kidole inapaswa kuzunguka kimya, bila kucheza huku na huku. Mlio mwembamba kama bawaba kavu ya mlango mara nyingi hutoka kwenye puli ya kukaza mkanda unaolizungusha pipa. Chuma kukwaruza chuma mbele ya pipa ni dalili kwamba vipande laini vya plastiki linavyoteleza juu yake vimelika. Na ukiona alama za kahawia kwenye kingo za mashati, au vifungo vinanaswa kati ya pipa na ukuta wake, tazama ule utepe mzito wa sufi unaoziba mwanya huo. Umechanika au umebanduka.

Mkanda nao ukikatika utajua: mota inavuma, pipa limesimama, na ukilizungusha kwa mkono linakwenda jepesi mno. Mashine nyingine zina swichi inayozuia hata mota isiwake mkanda ukikatika, kwa hiyo ukimya usikufanye ulaumu mota kwanza.

Hapa nina msimamo ambao najua si wote wanaukubali. Ukifungua mashine kwa ajili ya rola moja, badilisha rola zote, puli na mkanda kwa mkupuo. Kazi kubwa iko kwenye kufungua na kutoa pipa, wala si kwenye bei ya rola. Rola mpya ikikaa karibu na iliyolika, pipa hukaa upande na mkanda mpya unaanza kulika kabla ya wakati wake. Wapo wanaodondoshea mafuta puli ili mlio unyamaze. Hunyamaza kweli, siku chache. Kisha mafuta hunasa vumbi la nguo, yanageuka tope, na puli inakwama kabisa.

Kabla ya kununua chochote, soma namba ya modeli kwenye kibandiko, mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango. Usinunue mkanda kwa kuutazama kwa macho, maana mikanda miwili inayofanana inaweza kupishana urefu kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuufanya uteleze. Piga picha jinsi mkanda ulivyopita kwenye puli na mota kabla hujautoa. Vaa glavu, kwa sababu kingo za bati la ndani hukata kama wembe. Kama mashine ni ya gesi, funga vali yake, na mambo ya bomba la gesi mwachie mwenye ujuzi nayo.

Pipa lililopasuka au kutoboka kwa kutu, hapo sibishani na anayetaka kununua nyingine. Lakini mashine nyingi zinazotupwa zina mota nzima na pipa zima, zimekosa tu mkanda na rola.

Yangu nilipoiwekea fyuzi ya tatu, niliondoa pia lile bomba la plastiki lenye mikunjo, nikafunga la chuma lisilo na mikunjo, fupi, lenye kona moja tu. Mzigo wa taulo uliokuwa unahitaji mizunguko miwili sasa unakauka kwa mmoja, na fyuzi ile ya tatu bado iko mahali pake.