Miraba 441: mtoto wa shule afundishwe kilichomo ndani ya msimbo wa QR?

Wanaopinga wana hoja fupi. Simu inausoma msimbo wa QR kufumba na kufumbua, sasa mtoto wa darasa la sita aupasue wa nini? Madarasa yamejaa, mwalimu ana vipindi mfululizo, na wapo wanafunzi ambao kugawanya tu bado ni kazi. Wanaongeza la pili, zito zaidi: hata ukijua muundo wote, huwezi kuutazama msimbo kwa macho ukajua kama stika ya Lipa Namba, ya kulipia kwa simu, pale dukani ni ya mwenye duka au ya tapeli aliyebandika yake juu. Anayeahidi kwamba somo hili litawakinga watoto na wizi anawauzia wazazi mbuzi kwenye gunia.

Hapo wako sahihi. Na hesabu ya Reed na Solomon, ile inayozalisha masahihisho, yaani miraba ya ziada inayoiwezesha simu kusoma msimbo uliochafuka, ibaki chuoni.

Lakini wengi wanaolikataa somo hili wanadhani linahitaji kompyuta. Linahitaji daftari la hesabu, lile la miraba, na penseli. Msimbo mdogo kabisa wa kawaida una miraba 21 kwa 21, yaani 441, na unaenea kwenye ukurasa mmoja. Mtoto anachora alama tatu kubwa za pembeni, kila moja miraba 7 kwa 7. Anaacha pembe ya nne bila alama, na hapo anaona mwenyewe jinsi simu inavyojua upande wa juu ni upi hata karatasi ikishikwa kichwa chini.

Kisha namba. Tarakimu tatu hupewa miraba 10, nyeusi ikiwa 1 na nyeupe 0. Kwa nini 10? Kwa sababu miraba 10 inatoa michanganyiko 1,024, na tarakimu tatu zinahitaji 1,000 tu. Hasara ni 24. Namba ya simu ya Tanzania huanza na 255, ambayo huandikwa 0011111111. Ya Kenya, 254, ni 0011111110. Katika ujumbe wenyewe, kabla ya msimbo kugeuzwa rangi baadhi ya miraba ili usomeke vizuri, mpaka wa Namanga ni mraba mmoja. Sijui somo jingine la namba za 0 na 1 linalomfikia mtoto haraka hivyo.

Ila kinachonifanya niandike ni hesabu nyingine. Kati ya ile miraba 441, miraba 233 haina ujumbe wala masahihisho. Kazi yake ni kuufanya msimbo uonekane, upimike na ujieleze umeandikwa kwa utaratibu gani. Inabaki 208, yaani mafungu 26 ya miraba minane minane. Ukichagua ulinzi wa juu kabisa, ngazi H, mafungu 9 tu ndiyo ya ujumbe: miraba 72, chini ya moja ya sita ya mchoro mzima. Mafungu 17 yaliyobaki, miraba 136, ni yale masahihisho; tuyaite walinzi. Geuza ile 254 iwe 255, mraba mmoja tu wa ujumbe, na mafungu yote 17 yatabadilika. Ndiyo maana mafungu hadi 8 yakichafuka, simu bado hurudisha maandishi kamili.

Sasa mwulize mwanafunzi: walinzi hawa wanalinda nini? Wanalinda dhidi ya wino, mchubuko na mchuzi uliomwagikia kibao cha mgahawa. Ukiandika uongo katika ile miraba 72, ile 136 itaulinda uongo huo kwa uaminifu uleule. Stika ya tapeli haina kosa lolote la kimuundo; ni safi kabisa. Wanaopinga wanasema jicho halioni tofauti, na mtoto aliyejaza miraba kwa mkono anajua kwa nini haliwezi kuiona. Huyo ndiye atakayesoma jina la mpokeaji kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri, wala hatadhani kwamba kusomeka ni uthibitisho. Leo Benki Kuu ya Tanzania ina TANQR, mfumo wake wa malipo kwa msimbo wa QR, Kenya imetoa viwango vyake mwaka 2023, na risiti za kodi zimejaa misimbo hii, kwa hiyo dhana hiyo ina gharama.

Muda? Vipindi viwili vya hesabu vinatosha, bila kuongeza somo jipya kwenye ratiba. Mwalimu akiweza kupata simu moja, na aikate yote alama moja kubwa ya pembeni ya msimbo uliochapishwa na kuchafua kidogo katikati ya mwingine, wanafunzi watabishana wenyewe kwa nini wa kwanza umekataa na wa pili umekubali: walinzi hawahusiki na alama za pembeni.

Ninachokihofia ni mtihani. Siku swali litakapokuwa «taja sehemu tano za msimbo wa QR», na watoto wakakariri majina bila kujaza hata mraba mmoja, wanaopinga watakuwa wameshinda, na nitakuwa upande wao.